Mzigo wa Pili

Kibali kilikuja kimoja, na kiliandikwa jina la Prisca.

Kilikuwa kipande cha karatasi ngumu ya manjano chenye mhuri wa ofisi ya misitu na namba kumi na nne. Prisca alikitia ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe, akakivaa shingoni kwa uzi kama watoto wa shule wanavyovaa ufunguo. Kwa karatasi hiyo mtu aliruhusiwa kuingia msituni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akate majani ya ng'ombe kwa mundu, mzigo mmoja wa kichwa, na awe ametoka kabla ya saa sita mchana. Asiye na karatasi aliishia getini.

Susana hakuwa na karatasi.

Wanawake hao wawili walikuwa wameolewa na ndugu wawili, katika boma moja, pale Nkoalele, kitongoji cha mwisho kabla ya msitu wa Mlima Meru. Susana alikuwa mke wa Aminieli, kaka mkubwa. Prisca, aliyeitwa Mama Calvin kwa jina la mwanawe, alikuwa mke wa Allen, mdogo. Nyumba zao zilitazamana kati ya migomba, na katikati ilikaa nyumba ya mama mkwe wao, Bibi Elinami. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Melkizedeki, alipoandika orodha ya kaya alihesabu njia za kuingilia vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, hakuhesabu nyumba zilizomo. Kihamba cha marehemu baba yao kilikuwa na njia moja, kwa hiyo kilikuwa kaya moja na kikapata kibali kimoja. Siku ya mkutano Susana alikuwa kibaruani, kwenye shamba la maua huko Usa River. Prisca alikuwepo. Mzee Melkizedeki aliuliza aandike jina la nani, halafu akaandika la yule aliyesimama mbele yake.

Hakukuwa na hila yoyote hapo. Lakini Susana alilala siku tatu akiitafuta hila, na siku ya nne akawa ameipata: Prisca alijua tangu mwanzo. Prisca hujua kila kitu tangu mwanzo.

Mambo ya kibali yalikuwa mapya. Mpaka mwaka uliotangulia wanawake wa Nkoalele walipanda msituni kama mtu anavyoingia jikoni kwake, wakakata majani, wakaokota kuni, wakashuka wakiimba nyimbo za kwaya. Kisha mfereji ulianza kupungua maji. Wakaja wataalamu wakasema msitu umechoka, na wabunge na wakuu wakaja wakasema msitu ni uhai, na watu wakapiga makofi kwa sababu ni kweli, mfereji ulikuwa umepungua. Walipomaliza kupiga makofi waliona geti. Malori yenye leseni yaliendelea kushusha magogo kwa barabara ya upande wa pili, na wageni wa kupanda mlima waliendelea kupita kwa tiketi zao. Kilichozuiwa ni kichwa cha mwanamke chenye majani.

Na kilikuwa kiangazi kibaya, kile kilichotangulia mvua za El Niño. Hata chini ya mibuni hapakuwa na jani la kumpa sungura.

*

Jumanne ya kwanza Prisca alishuka na mzigo mkubwa, majani mabichi yenye umande bado. Aliutua katikati ya uwanja, akaugawa, akaja na nusu mpaka kwenye banda la Susana. Siku hiyo vibarua walirudishwa mapema, na Susana alikuwa ndiyo kwanza amefika nyumbani, vidole vimejaa miiba ya mawaridi.

"Mama Anjela, nimemkatia na Nalepo kidogo."

Nalepo alikuwa ng'ombe wa Susana, mtamba mwenye mimba ya kwanza, na alikuwa ndiye tumaini lote la nyumba ile. Kiwanda alichofanya kazi Aminieli mjini kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, na mtu huyo akawapunguza watu mia mbili kwa asubuhi moja. Kahawa ilikuwa haina bei. Binti yao Anjela alikuwa amefaulu kwenda sekondari, na wote walikuwa wakisubiri maziwa ya Nalepo kama watu wanaosubiri basi.

Lakini hata Nalepo alikuwa ametoka kwa Prisca. Mradi wa ng'ombe wa usharika ulikuwa na sharti: aliyepewa mtamba amtoe ndama jike wa kwanza kwa yule aliyefuata kwenye orodha. Prisca alitangulia kwenye orodha, akafuata Susana. Siku ya kukabidhiana, mbele ya kanisa, Susana alipokea kamba kwa mikono miwili na kusema asante, na washarika wakapiga makofi, na Prisca alikuwa amevaa kitenge kipya. Susana alikikumbuka kile kitenge kuliko alivyoyakumbuka mahubiri.

Sasa aliyatazama majani. Yalikuwa mazuri, laini, ya kule juu penye ukungu. Aliyatamani kana kwamba yeye ndiye ng'ombe. Kilichomshinda ni mkono ulioyashika.

"Rudisha," alisema. "Ng'ombe wangu hali mabaki ya ng'ombe wako."

"Si mabaki. Ni mzigo mmoja, nimeugawa."

"Basi kauunganishe."

Prisca alikuwa mdogo kwa miaka minane na hakuzoea kujibizana na mke wa kaka wa mume wake. Aliyainua yale majani akarudi nayo, na machache yakadondoka njiani. Bibi Elinami, aliyekuwa mlangoni akichambua maharage, aliona yote. Baadaye aliinuka, akayaokota yale machache kwa mkono wake mmoja mzima, akampelekea Nalepo.

Prisca hakuleta tena. Na hilo nalo Susana aliliwekea kinyongo. Aliwaza kwamba mtu mwenye nia njema angejaribu mara ya pili.

Jioni ile Bibi Elinami alimwambia, "Wewe nenda zako kibaruani, mwanangu. Habari ya Nalepo niachie mimi." Toka siku hiyo Susana alirudi kila jioni akakuta kuna kitu ndani ya hori. Haikuwa shibe, ila kilikuwepo. Alisema asante Mama, akaamini kikongwe anakatakata kingo za mfereji. Alikuwa anatoka nyumbani gizani na kurudi miguu imevimba. Hakuuliza zaidi.

*

Jumamosi moja kazi iliisha mapema, naye akapanda getini kumwomba mlinzi wa msitu. Mlinzi aliitwa Loishiye, mtu wa makamo, mtulivu, aliyevaa koti la serikali lililofifia rangi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ningekuwa na yangu ningekupa," alisema. "Mimi nimepewa orodha tu."

Susana hakuondoka. Alisimama pembeni ya boriti ya geti kana kwamba orodha ingeweza kubadilika akiitazama sana. Ndipo wageni walipofika, Wazungu sita wenye kofia, na mbele yao Allen, shemeji yake, na viatu vipya vya mlimani alivyoachiwa na wageni waliotangulia. Kampuni za utalii zilikuwa zimechipuka mjini kama uyoga tangu biashara ifunguliwe, na Allen alikuwa amewahi kupata kazi ya kuongoza wageni.

"Shikamoo shemeji," alisema Allen, kwa aibu kidogo.

"Marahaba. Kazi njema."

Loishiye aliinua boriti. Wakati huohuo Prisca alikuwa anashuka na mzigo wake, kibali kikicheza kifuani. Loishiye akamtania: namba kumi na nne leo ameshusha mlima mzima, huko juu amebakiza nini? Prisca akacheka bila mzigo kutikisika. Susana alikiona kile kicheko, akaona na shingo iliyonyooka, na mume anayetazama.

Katika wale wageni kulikuwa na bibi mmoja mzee mwenye fimbo mbili. Alisimama, akamtazama Susana, akamwuliza Allen jambo. Allen alisitasita.

"Anauliza mbona mama huyu haingii," alisema hatimaye.

Loishiye alitazama chini.

"Mwambie nimechoka," alisema Susana.

Yule bibi aliposikia hivyo alitoa chungwa mfukoni akampa, kwa mikono miwili, kama mtu aliyefundishwa vizuri na mama yake. Susana alilipokea. Alilibeba mpaka nyumbani bila kulimenya, akampa Anjela.

*

Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika shambani Usa River. Chumba cha baridi cha maua kikazima, na vibarua wakaambiwa waende makwao. Saa saba mchana Susana alikuwa anapanda kwa njia ya mkato, ukingoni mwa mfereji, njia ambayo hakuipita tangu kiangazi kianze.

Chini ya mti wa mringaringa, karibu kabisa na mwisho wa kihamba chao, aliona majani makavu ya mgomba yamefunikwa juu ya kitu. Akafunua. Ulikuwa mzigo wa majani ya msituni, mzima, mbichi.

Alilitambua fundo kabla ya kuinama. Kamba ya mgomba imezungushwa mara mbili, kisha mkia wake umesokotwa na kufichwa ndani. Pale Nkoalele kila boma lilikuwa na fundo lake. Mama mkwe alimfundisha mkwewe wiki ya kwanza ya ndoa, ili mizigo isigombaniwe getini wala mtoni. Hili lilikuwa la Bibi Elinami, na duniani waliojua kulifunga walikuwa watu watatu. Bibi hakuweza kupanda msituni. Yeye Susana alikuwa Usa River tangu alfajiri. Alibaki mmoja.

Mzigo mmoja ulikuwa umepita getini halali. Huu ulikuwa wa pili.

Alikaa juu ya jiwe, na wivu ukampangia mambo yote vizuri, kila kitu mahali pake. Alikumbuka kusikia shambani kwamba wafugaji wa Usa River hununua majani ya msituni kwa pikapu. Alikumbuka chupa ya chai mpya mezani kwa Prisca. Alikumbuka bati jipya la paa lake, linalong'aa hata siku ya mawingu. Kumbe ndiyo haya, alijiambia. Yeye anaokotewa majani machache na kikongwe, na mwenzake anauza msitu. Wakati huohuo wazo jingine lilipita haraka, wazo ambalo asingelisema mbele ya mtu: kibali kikitoka shingoni kwa Prisca, ndani ya boma lile kitakwenda kwa nani kama si kwake?

Loishiye alikuwa kwenye daraja la magogo, akivuka kwenda kula. Walisalimiana. Susana alipita hatua kama nne, akageuka.

"Kuna mzigo umefichwa chini ya mringaringa wa mfereji," alisema. "Ni wa mtu mwenye kibali."

"Namba ngapi?"

"Kumi na nne."

Loishiye alifungua daftari lake. Alijua kumi na nne ni boma gani. "Mama, mimi nikishaandika sifuti," alisema, taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa kutokea.

"Andika," alisema Susana.

*

Saa kumi mzigo ulikuwa umetuliwa uwanjani kwa Mzee Melkizedeki, na watu kama ishirini wamekwisha fika, kwa kuwa habari hiyo ilitembea haraka. Loishiye aliuliza kama kuna anayelitambua fundo. Kila mwanamke pale aliweza kusema fundo lile ni la boma gani, na kila mmoja alitazama pengine.

Aliyejibu ni Bibi Elinami. Alikuja kwa fimbo, akaukodolea mzigo macho.

"Fundo hilo ni langu," alisema. "Mzigo ni wangu."

"Bibi, wewe ulipanda mpaka juu?" aliuliza Loishiye.

"Nilipanda."

"Lini?"

"Wewe ulikuwa umelala."

Watu walicheka, na Loishiye alikaza mdomo ili asicheke. Hapo Prisca akasogea mbele. Alisema, "Mama, acha. Ni wangu. Nilirudi mara ya pili kwa njia ya korongo."

Mzee Melkizedeki alimwuliza alikuwa anaupeleka wapi mzigo wa pili, ilhali ng'ombe wake tayari ameletewa wa kwanza. Prisca hakujibu. Akamwuliza kama anauza. Alisema hauzi. Basi anaupeleka wapi? Watu walianza kunong'ona, na mmoja akataja pikapu. Prisca aliinua macho mara moja tu, akamtazama Susana aliyekuwa amesimama nyuma, halafu akayashusha. Susana aliuhesabu mtazamo ule kuwa kiburi.

"Nimekosa," alisema Prisca. "Chukueni karatasi yenu."

Alijaribu kuuvua ule uzi, ukanasa kwenye kilemba. Alihangaika nao mbele za watu wote, uso umemwiva, mpaka Bibi Elinami akamsaidia kwa mkono wake mmoja. Loishiye alikitia kibali mfukoni bila kukitazama.

Susana alingoja kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ni jambo lililomjia sasa hivi tu, je, jina litaandikwa la nani?

"Jina gani?" alisema Mzee Melkizedeki. "Kaya namba kumi na nne imefutwa mpaka orodha mpya, baada ya masika. Kibali ni cha kaya, mama. Mmoja akikosa mmekosa wote."

Mzigo uliachwa palepale uwanjani uwe kidhibiti. Kufika asubuhi mbuzi wa mwenyekiti walikuwa wamekula kidhibiti chote, ikabaki kamba.

*

Ijumaa jioni Susana alirudi akamkuta Nalepo amesimama mbele ya hori tupu. Ndani kulikuwa na vipande vya mgomba tu, vimelambwa na kuachwa. Tumbo lilikuwa limeshuka na mbavu zilikuwa zimejitokeza. Ng'ombe alimgeukia akalia, mlio mrefu wa chini.

Bibi Elinami alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na banda, mkono wa kulia umelazwa mapajani.

"Mama, leo hukupata kukata?"

"Sijakata majani tangu mkono huu uvunjike Krismasi," alisema Bibi Elinami. "Wewe ndiye uliyenifunga kitambaa. Umesahau?"

Hakusahau. Alikuwa ameyajua hayo siku zote, kama unavyojua rangi ya mlango wako. Aligeuka akatazama nguzo ya banda. Juu ya msumari zilining'inia kamba za mgomba, nyingi, zaidi ya ishirini, ambazo Bibi alizitunza zitumike tena. Kila moja ilikuwa imekatwa pembeni ili fundo libaki, maana mkono mmoja hauwezi kulifungua. Alikuwa akizipita kila jioni akiwa na taa mkononi. Juu ya udongo, chini ya hori, kulikuwa na mabua membamba ya majani ya kule penye ukungu, ambayo hayajawahi kuota kwenye kingo za mfereji hata siku moja.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile Jumanne. Akishaleta wa kwanza alirudi kwa njia ya korongo. Anaficha pale chini, mimi nikipata mtoto wa kunibebea namtuma, nisipopata nauburuta mwenyewe. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utayamwaga."

Susana alishika nguzo. Alitaka kuuliza kwa nini Prisca hakusema haya mbele ya mwenyekiti, lakini jibu lilimfikia kabla hajafungua mdomo. Angesema, watu wote wangejua kwamba mke wa kaka mkubwa alikataa majani mchana na kuyalisha jioni. Mtazamo ule mmoja uwanjani ulikuwa wa kumwomba ruhusa, na yeye hakuitoa.

Bibi Elinami hakuuliza nani alimwambia mlinzi. Alisema tu kuna uji jikoni, umefunikwa.

*

Kutoka mlango wa Susana mpaka mlango wa Prisca palikuwa na hatua ishirini. Jumamosi nzima hakuweza kuzivuka. Alipika, akafua, akafagia uwanja mara mbili, kila mara akiishia katikati. Alimwona Prisca akimkatia ng'ombe wake mgomba kwa panga, na bati lilikuwa linang'aa vilevile, na hata hapo, Mungu amsamehe, Susana aliwaza kwamba huyu angalau ana mume mwenye kazi.

Usiku alimwambia Aminieli anachotaka kufanya. Aminieli aliinama akavua viatu. Tangu apunguzwe kazini alikuwa mtu wa kunyamaza. Kisha alisema kwamba kiwanda kilimwaibisha mbele ya mji mzima, sasa na mke wake anataka kumalizia kilichobaki.

"Sikuaibishi wewe," alisema Susana.

"Tuna jina moja," alisema Aminieli. Lakini asubuhi alimpigia viatu vyake rangi, vyote viwili, akaviweka mlangoni.

Mkutano wa kitongoji ulikuwa darasani, baada ya ibada. Walizungumza habari ya mfereji, kisha ya choo cha shule. Mzee Melkizedeki alipouliza kama kuna jingine, Susana alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, na yote yalimtoroka.

"Ule mzigo ulikuwa wa ng'ombe wangu," alisema. "Mama Calvin hauzi majani. Alikuwa ananikatia mimi, kwa siri, kwa sababu aliponipa mchana nilimfukuza. Na aliyemwambia mlinzi ni mimi."

Mlango ulipigwa na upepo. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba ng'ombe ana haya kuliko wengine. Watu wakacheka. Susana alisimama kicheko kiishe. Prisca alikuwa kwenye dawati la mbele na hakugeuka.

Loishiye, aliyeegemea dirisha, aliulizwa kama hilo linabadili jambo. Alivua kofia.

"Mimi nahesabu mizigo," alisema. "Sababu hazina safu kwenye daftari langu. Ingekuwepo, ningeandika."

Kibali hakikurudi. Ila Aminieli, ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni tangu apunguzwe, aliinuka akauliza: mchango wa choo cha shule unatozwa kwa njia ya kihamba au kwa nyumba? Kwa nyumba, alisema mwenyekiti. Basi boma lile linalipa mara tatu na kuingia msituni mara moja? Watu walinguruma, maana maboma ya namna hiyo yalikuwa mengi. Mzee Melkizedeki alikuna kichwa, akasema jambo hilo litaandikwa barua, ngazi za juu ziamue. Kila mtu alijua barua huchukua muda gani. Lakini iliandikwa pale pale, na Anjela ndiye aliyeiandika, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri.

*

Siku tisa tangu kibali kichukuliwe Prisca hakumsemesha. Alimsalimu, kwa kuwa salamu ni lazima, na hapo ndipo maneno yalipoishia.

Jumamosi ya pili Susana alitoka alfajiri na mundu, kamba na kata ya kichwa. Alikuwa amesikia kibaruani kwamba kule Kikwe watu wamevuna na mabua yamebaki mashambani. Ni mbali, kushuka tangu alfajiri na kupanda mpaka usiku, lakini Nalepo alibakiza wiki moja azae. Kwenye njia ya kihamba alimkuta Prisca, naye na mundu, naye na kamba.

"Shikamoo, Mama Anjela."

"Marahaba. Unakwenda Kikwe?"

"Kwani pamebaki wapi kwingine?"

Waliteremka bila kuongea, Prisca mbele. Jua liliwakuta wamevuka barabara ya Moshi. Huko Kikwe mama mmoja, Resiato, aliwaona wakizungukazunguka kingoni mwa shamba lake, akawauliza wametoka wapi. Walipomwambia, alisema kutoka mlimani mpaka hapa kufuata mabua ni kujitafutia mauti, akawaonyesha upande ambao ng'ombe wake hawajafika, bure, akawaletea na maji kwenye kibuyu.

Walikata mpaka saa sita. Susana alitaka kusema tangu asubuhi, na aliposema alikuwa ameinama, uso umegeukia upande wa pili.

"Prisca. Nilikuwa nakuonea wivu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Mundu wa Prisca uliendelea kukata.

"Najua," alisema. "Mpaka leo unanionea. Unalitazama bati langu kama linakudai." Alikata tena, akakusanya. "Allen analala mlimani siku ishirini kwa mwezi. Wewe mume wako anakupigia kiatu rangi. Unadhani mimi sitazami ng'ambo?"

Susana alisimamisha mundu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba kati ya zile nyumba mbili mtu angeweza kutamani ya kwake.

Walifunga mizigo miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo kidogo. Susana aliufunga ule mkubwa: kamba ikazungushwa mara mbili, mkia ukasokotwa ndani. Prisca alisimama akamtazama, akasonya, akaja kupiga goti pembeni yake.

"Umelegeza. Utamwagika njiani," alisema. Alilifungua fundo, akalifunga upya kwa nguvu, goti limekandamiza mzigo. "Huu ni wa Nalepo. Inua."

Alimtwika. Kisha akajitwika mwenyewe ule mwingine, bila msaada wa mtu, akatangulia. Njia nzima ya kupanda Susana alikuwa na shingo ile mbele yake, imenyooka, mzigo hautikisiki, kana kwamba amebeba kanga. Hata hilo alimwonea wivu. Lakini aliifuata hatua kwa hatua, na mzigo wake haukumwagika.